Utafiti wetu wa shughuli na Tehama hapa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeulizwa mlangoni kwetu, kwenye simu, na kwenye mabenchi ya masoko na zahanati tunakokwenda kufanya kazi. Anayejibu ni mhadhiri wa usimamizi wa shughuli na mifumo ya habari katika shule ya biashara hapa Dodoma. Nikisema "sisi" nazungumzia idara nzima. Nikisema "mimi", hayo ni maoni yangu, na wapo wenzangu wanaoyapinga.

Kwa maneno ya kawaida, mnatafiti nini?

Tunatafiti namna kazi inavyotembea. Gunia linavyotoka shambani hadi ghalani, mgonjwa anavyotoka getini hadi dirisha la dawa, fomu inavyohama meza hadi meza, pesa inavyotoka kwenye simu hadi mkononi. Katika kila safari ya namna hiyo kuna mahali kitu kinasimama. Tunauliza kinasimama wapi, kwa muda gani, kwa sababu gani, na nani anaumia kinaposimama.

Kwa nini shughuli na Tehama viko idara moja?

Kwa sababu siku hizi ukigusa kimoja umegusa na kingine. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulipoanza kazi mwaka 2017, mwananchi aliacha kubeba noti hadi dirishani. Anapewa kontroo namba, analipa kwa simu au benki, anaondoka na risiti. Mabadiliko yale yaliitwa ya Tehama, lakini yalibadilisha pia kazi ya karani, hesabu za jioni, na mahali watu wanaposimama.

Nimewahi kuingia katika ofisi moja nikakuta dirisha la malipo tupu kabisa, huku watu wamejazana kwenye meza ya dada mmoja aliyekuwa akitoa kontroo namba. Kompyuta ilikuwa moja, na kila mteja alilazimika kutaja jina lake herufi kwa herufi. Foleni ilikuwa imehama chumba tu. Mtaalamu wa mifumo akipita pale ataandika kuwa mfumo unafanya kazi, na atakuwa amesema kweli. Anayejua shughuli ataona watu wamesimama hadi kwenye ngazi. Tunajitahidi kufundisha mtu mmoja aone yote mawili.

Mnapimaje foleni? Si kuhesabu watu tu?

Kuhesabu watu ndiyo mwanzo. Aliyeweka msingi wa hesabu hizi, Agner Krarup Erlang wa Denmark, alianzia kwenye simu za mji wa Copenhagen: wateja wangapi watapiga kwa wakati mmoja, na waunganishaji wangapi watatosha? Andiko lake la kwanza juu ya jambo hilo lilitoka mwaka 1909.

Kanuni tunayoitumia kila siku ilithibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961. Inasema hivi: wastani wa watu waliomo ndani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa, mara muda anaokaa kila mmoja. Tuseme kliniki inapokea watu 20 kwa saa, na kila ukipita unakuta kwa wastani watu 30 wanasubiri au wanahudumiwa. Basi kila mmoja anakaa pale saa moja na nusu. Hukuhitaji kumfuata mgonjwa yeyote na saa mkononi. Umehesabu wanaoingia getini, umehesabu waliomo kila robo saa, jibu limetoka. Sharti lake ni kwamba uhesabu kwa kipindi cha kutosha, ili wanaoingia na wanaotoka wakaribie kulingana.

Kwa nini mnasema mhudumu asiye na nafasi ya kupumua ni hatari?

Jibu hili huwashtua wakuu wengi wa vitengo, kwa hiyo nitaenda polepole. Chukua dirisha moja. Watu wanafika bila mpangilio, na mmoja ana shida ya dakika mbili, mwingine ya dakika kumi. Mhudumu akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, hesabu ya Erlang katika hali hiyo inatoa wastani wa watu 4 pale dirishani, pamoja na anayehudumiwa. Asilimia 90, wanakuwa 9. Asilimia 95, wanakuwa 19.

Tazama hizo hatua. Kutoka 80 hadi 95 kazi imeongezeka kwa chini ya moja ya tano, lakini watu wamekuwa zaidi ya mara nne. Mkuu anapita saa tano, anamkuta mhudumu amekaa kimya dakika chache, anasema huyu hana kazi, apelekwe kitengo kingine. Zile dakika chache ndizo zilizokuwa zinazuia foleni isifike barabarani. Mkitaka kupunguza watumishi dirishani, tafadhali fanyeni kwanza hesabu hii. Iko wazi kwa yeyote mwenye kalamu, na tutakaa nanyi mpaka ieleweke.

Mmewahi kukosea?

Ndiyo, na kosa langu moja nalisimulia kwa kila kundi jipya la wanafunzi.

Nilikuwa napima muda wa kusubiri katika hospitali moja. Dirisha lilifunguliwa saa mbili asubuhi, nami nikaanza kuhesabu saa mbili kamili. Benchi la mbele alikaa bibi mmoja, kadi yake ya kliniki ameihifadhi ndani ya mfuko wa sukari na kuukunja mara tatu. Nikamsalimu, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Unaandika nini humo?" Nikamwambia naandika muda mnaosubiri. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, andika na mimi nimeamka saa tisa."

Alimaanisha saa tisa usiku. Kwenye daftari langu alikuwa mgonjwa wa dakika 25.

Nilikuwa nimepima dirisha badala ya kumpima bibi. Nilipoanza kuuliza, wengi walisema wanawahi kwa kuogopa kukosa namba. Na kwa kuwa wengi wanawahi, namba zinaisha mapema, kwa hiyo kesho yake wanawahi zaidi. Hata ningeongeza madirisha matatu, bibi yule angeendelea kuamka saa tisa. Kilichohitaji kutazamwa ni namna namba zinavyogawiwa. Tangu siku ile madodoso yetu yanaanza na swali moja: umetoka nyumbani saa ngapi?

Mimi ni wakala wa miamala ya simu. Utafiti wenu unanihusu nini?

Unakuhusu kuliko unavyodhani, na mimi binafsi ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, kibanda cha wakala kimekuwa ghala dogo kuliko yote nchini, lenye bidhaa mbili tu: floti, yaani pesa iliyomo kwenye simu, na keshi. Mteja akiweka pesa, keshi yako inaongezeka na floti inapungua. Akitoa, kinyume chake. Mtaji ni ule ule, unahama mkono huu kwenda mkono ule.

Dodoma ni mji wa watumishi. Mshahara ukitoka, kila mtu anatoa. Ikifika saa nne asubuhi keshi imekauka na simu imejaa floti isiyo na mteja. Januari ni ada, wazazi wanataka kuweka na kulipa, na hapo ndipo unaposema "sina floti, jaribu pale mbele." Anayegawa mtaji wake nusu kwa nusu mwaka mzima atawarudisha wateja nyakati zote mbili.

Hesabu yake wataalamu wanaiita tatizo la muuza magazeti. Akichukua machache anakosa mauzo, akichukua mengi yanambakia jioni. Tuseme kumrudisha mteja mmoja kunakukosesha kamisheni ya shilingi 400, na kuweka pesa ya ziada ya kumtosheleza, ambayo ingefanya kazi kwingine, kunakugharimu shilingi 100. Gawanya 400 kwa jumla ya 400 na 100, unapata 0.8. Maana yake weka kiasi kitakachotosha siku 8 kati ya 10, na siku mbili zilizobaki ukubali kuishiwa. Atakayekwambia usiishiwe kamwe hajahesabu gharama ya pesa iliyolala.

Kuna shida moja: daftari lako na simu yako vinaonyesha miamala iliyofanyika tu. Uliowarudisha hawamo. Kwa hiyo tukija kwako tutakuomba jambo dogo. Kila unapomwambia mtu sina floti au sina keshi, chora kistari kwenye karatasi na uandike saa. Vistari vya mwezi mmoja vinatufaa kuliko rekodi za mwaka mzima.

Wakulima wa zabibu wanalalamika soko. Hilo nalo ni la idara yenu?

Sehemu yake kubwa ni yetu. Zabibu ikishakatwa haiivi tena. Embe unaweza kulichuma bichi likaivia ndani, zabibu huwezi. Utamu iliokuwa nao shambani ndio huo huo, na kila siku ya jua inapungua ubora. Hapa kwetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika unafika kwa wote, Hombolo na Mpunguzi kwa pamoja.

Upande wa pili kuna tangi. Kiwanda chenye matangi ya lita 100,000, ambapo mvinyo unakaa tangini siku 50, kinaweza kumeza kwa wastani lita 2,000 kwa siku. Ndiyo kanuni ile ile ya Little, imevaa nguo nyingine. Ukiongeza ekari bila kuongeza matangi, au bila kufupisha muda wa mvinyo kukaa tangini, umeongeza malori yanayosubiri getini.

Mkulima mwenyewe ana kitu kimoja mkononi mwake, nacho ni mkasi. Katika hali ya hewa yetu mzabibu haulali kwa baridi kama wa Ulaya. Tarehe ya kuvuna inategemea sana tarehe ya kupogoa. Kikundi kikikubaliana kupogoa kwa zamu, wiki hii wewe, wiki ijayo mimi, mavuno nayo yatakuja kwa zamu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa ofisini. Mvua za Desemba hadi Aprili zinaleta magonjwa ya ukungu, na aliyepangiwa zamu mbaya anabeba hasara ya wote. Atafidiwaje? Kwa bei? Kwa mfuko wa kikundi? Hapo ndipo utafiti ulipo kwa sasa, na sitajifanya kuwa jibu ni jepesi.

Na mahindi ya soko la Kibaigwa? Si simu zimeshamaliza tatizo la bei?

Watu wengi hutaja mfano wa Kerala, India. Mchumi Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba simu za mkononi zilipowafikia wavuvi wa huko, bei za samaki za soko hadi soko zilikaribiana na samaki waliotupwa karibu waishe. Ni kazi nzuri na tunaifundisha. Ila dagaa wanaoza siku hiyo hiyo na mvuvi tayari ana chombo. Akipata habari anageuza usukani. Mama aliyeleta magunia sita Kibaigwa akijua kuwa bei ya Dar es Salaam iko juu, bado hana lori, na ada ya mtoto inadaiwa Jumatatu.

Tunachotazama zaidi ni ghala. Mahindi yaliyowekwa na unyevu uliozidi asilimia 13 au 14 yanaota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu ambayo huioni kwa macho wala huisikii kwa ulimi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika Mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo tunapouliza kipimo cha unyevu kinawekwa hatua ipi ya safari ya gunia, na nani alipie, swali hilo linazidi suala la faida. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unatoa nafasi nzuri: gunia linapimwa kabla halijapokelewa, na mkulima anapata karatasi yenye thamani. Linalobaki ni mkulima wa magunia sita kufika kwenye ghala hilo.

Mnatengeneza programu za kompyuta?

Kwa nadra. Tukihitaji, tunashirikiana na wenzetu wa sayansi ya kompyuta. Mara nyingi Eksel na penseli vinatosha.

Treni ya SGR imebadilisha nini katika utafiti wenu?

Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 2024, na kwetu ni maabara mpya. Mji unapungua watu Ijumaa jioni na kujaa tena Jumapili usiku. Mabehewa hayawezi kunyooshwa kama mpira. Tunapendezwa na mambo mawili: tiketi zigawiwe vipi kati ya anayesafiri kila wiki na anayesafiri mara moja kwa mwaka, na abiria akishashuka stesheni anafikaje Nkuhungu au Ipagala usiku.

Nataka kufanya uzamili. Nichague mada gani?

Chagua mahali kwanza. Nenda ukasimame siku tatu kwenye stoo ya dawa, gereji, stendi ya Nzuguni au jiko la shule ya bweni. Mada utaiona.

Nina ombi moja zito. Usilete pendekezo la aina hii: "mambo yanayoathiri kukubalika kwa mfumo fulani", pamoja na dodoso la "nakubali sana, nakubali, sina uhakika". Modeli inayotumika huko ni ya Fred Davis, ya mwaka 1989. Aliuliza kama mtu anaona mfumo una manufaa na kama anaona ni rahisi kuutumia. Lilikuwa swali zuri, na aliyeliuliza alilifanyia kazi kwa makini. Lakini mtumishi aliyeagizwa na mwajiri wake kutumia mfumo hana la kukubali wala kukataa. Atajaza "nakubali sana" ili uondoke.

Mfumo wenyewe unaandika nani aliingia saa ngapi, akafanya nini, akakwama wapi. Omba kumbukumbu hizo kwa njia halali, halafu kaa kando ya mtumishi uone. Utamkuta anaingiza taarifa kwenye kompyuta na kwenye daftari la zamani pia. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia umeme hukatika, au bosi wake bado anadai daftari. Ukurasa mmoja wa maelezo hayo nitausoma kwa hamu kuliko majedwali arobaini.

Na akili mnemba?

Tunaitumia kutabiri mahitaji pale kumbukumbu zinapokuwepo na ni safi. Mahali pengi kumbukumbu ndizo zinazokosekana, kwa hiyo kazi inaanzia kwenye vile vistari vya wakala.

Taarifa za biashara yangu zitakuwa salama? Hamtazipeleka kwa watu wa kodi?

Hatuzipeleki kwa yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana sisi kama inavyobana benki na hospitali. Jina lako linatenganishwa na hesabu zako siku ile ile, unapewa namba, na orodha inayounganisha jina na namba inafungiwa kabatini. Ukibadili mawazo, tupigie, tutafuta taarifa zako bila kukuuliza sababu. Tukija bila barua ya utambulisho, una haki ya kutufungia mlango.

Mama yangu haongei Kiswahili vizuri. Mtamhoji kwa lugha gani?

Kwa lugha yake. Tuna wasaidizi wanaozungumza Kigogo na Kirangi, na hatuwatumii kama wakalimani tu. Wanakaa nasi tunapoandika maswali, kwa sababu neno "kusubiri" ukilipeleka kijijini kavu kavu unaweza kurudi na majibu ya swali ambalo hukuuliza.

Mtarudi na matokeo, au ndiyo kwaheri?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, na wanaouliza wana haki. Nimekaa na mzee wa soko aliyenihesabia watafiti waliopita kwake, akikunja kidole kimoja kimoja, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Andiko likishatoka kwenye jarida la Kiingereza, mwandishi amepanda cheo na soko limebaki lilivyo.

Kwa upande wetu, kila mradi tunaoukubali sasa unatenga pesa ya safari ya pili tangu mwanzo. Tunarudi na karatasi moja ya Kiswahili, yenye hesabu zenu na mchoro wa mahali kazi inaposimama, na tunaijadili pale pale sokoni au zahanati. Mkisema tumekosea, tunaandika hivyo pia, na inaingia kwenye ripoti.

Inagharimu kiasi gani?

Kwa wajasiriamali wadogo, zahanati na vikundi vya wakulima hakuna malipo. Taasisi kubwa huchangia nauli na posho za wasaidizi.

Nije na nini siku ya kwanza?

Njoo na daftari lako la mauzo au la kupokea mzigo, hata kama lina madoa ya mafuta na kurasa zimechanika. Usilinakili upya ili lipendeze, maana tukiona ulipokatakata namba tunajua siku hiyo kulikuwa na jambo. Kama huna daftari, njoo na mtu anayeshinda mlangoni kwako: mlinzi, mpokea mizigo, dada wa chai. Saa tatu asubuhi tunakuwa na nafasi, Jumanne na Alhamisi.